Alibi ya Fundi Kioo

Katika familia hii hakuna mtu aliyewahi kufungwa. Nalitanguliza hilo kwa sababu kuna watu, na baadhi yao hula mezani kwangu, wanaosimulia habari za shemeji yangu kana kwamba alitoka mahakamani kwa mlango wa nyuma. Alitoka kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, mama yake kamshika mkono. Mimi nilikuwa nyuma yao nimebeba mkoba wa mama, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa.

Shemeji, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa fundi wa kupiga lipu. Mjini walimwita Kioo, maana ukuta aliomaliza ungeweza kuupapasa kwa kiganja kutoka kona hadi kona usikutane na kitu. Mume wangu alikuwa ofisini, mimi nilikuwa mwalimu mkuu, na wapo jamaa walioona haya kidogo kwamba kitinda mimba wetu anarudi nyumbani kila jioni mweupe kama mtu aliyetumbukia kwenye pipa la unga. Mume wangu hakuwa na haya hizo. "Mimi nikistaafu," alikuwa akisema, "hakuna atakayekumbuka nilikalia kiti gani. Kuta za huyu bwana zitakuwepo."

Maneno ya shemeji yalikuwa machache, lakini kiburi cha kazi alikuwa nacho cha kutosha mafundi watatu. Kila mpiga lipu ana mtu wa kumkorogea. Yeye alikoroga mwenyewe. "Akikoroga mwingine, ukuta unajua," alisema, na hapo mjadala umekwisha. Tena alikuwa na tabia ya kujifungia. Akianza ukuta hukomea mlango kwa ndani na kutundika madirishani magunia yaliyoloweshwa, ili upepo usikaushe lipu kabla hajaisugua. Ukigonga, hafungui. Ukiita, haitikii. Mama yake alizoea kumwachia chakula kizingitini, kikapoa pale pale.

Tabia hiyo ya kujifungia ndiyo iliyotaka kumpeleka jela.

Mpiga picha mmoja alikuwa amejenga chumba cha kupigia picha nyuma ya nyumba yake. Alitaka ukuta mmoja, mrefu na mpana, ambao watu wangesimama mbele yake bila pazia. Alimwambia shemeji, "Fundi, nataka ukuta usio na alama. Kamera yangu inaona kila kitu." Shemeji akauzunguka ukuta wa matofali, akaupima kwa macho, akasema, "Ukuta huu haukatwi. Nikiuanza asubuhi, nauacha ukiisha." Siku iliyopangwa mpiga picha alimkabidhi funguo mapema, akaenda kupiga picha za harusi. Aliacha matofali matupu. Aliporudi jua linazama alikuta ukuta umekamilika, bado unyevunyevu, na shemeji amekaa chini ameegemea ndoo, hana hata nguvu ya kusimama.

Siku hiyo hiyo, adhuhuri, upande wa pili kabisa wa mji, majora ya vitambaa yaliibwa kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja. Mlinzi alimwona mwizi kwa mgongo akitokomea uchochoroni: mtu mwenye ovaroli, mweupe mgongoni kwa vumbi la chokaa. Na nani aliyepiga lipu ghala hilo muda si mrefu uliopita, na kwa hiyo aliujua mlango wa nyuma? Kioo. Polisi walimchukua akiwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini, akamwambia mama yake, "Nilikuwa ukutani, mama," akaenda nao.

Mume wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kwa hiyo jina lake, ambalo ndilo jina la shemeji na ndilo jina la watoto wangu, likawa mikononi mwangu.

Mtu wa kwanza kuja alikuwa baba mdogo wa marehemu mume wangu, mshauri wa kila jambo na msemaji wa kila kikao. Hakukaa hata kidogo kabla ya kufungua mdomo.

"Nimezungumza na mwenye ghala. Ni mtu muungwana. Anasema vitambaa vikirudi, au thamani yake, kijana akaomba msamaha mbele ya wazee, kesi anaifuta. Tuyamalize nyumbani, mwanangu. Mahakama inachafua jina."

"Baba, atarudisha vitambaa gani?"

"Tutatafuta. Tutachanga."

"Tuchange kulipia kitu ambacho hakukiiba, kisha aombe msamaha kwa kukiiba. Hapo jina ndipo litakapochafuka, tena kwa mkono wetu wenyewe."

"Wewe ni msomi, unaona mambo kwa vitabu. Mimi naona watu. Watu wakimwona kizimbani wameshamfunga."

Mama mkwe wangu alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, tukidhani amesinzia. Hakufungua macho. "Mwanangu ameniambia alikuwa ukutani," alisema. "Nani huyo anayetaka kuomba msamaha kwa niaba ya mwanangu? Asimame nimwone." Baba mdogo akakumbuka kwamba ana mgeni nyumbani kwake.

Wakili tuliyempata alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini, ofisi yake ghorofani juu ya duka la viatu, ngazi zinanuka gundi. Alikuwa ametoka mahabusu kumwona shemeji. Akavua viatu chini ya meza, nadhani alidhani sikuona, akaniambia, "Mwalimu, utetezi wa shemeji yako una jina. Unaitwa alibi."

Neno hilo nilikuwa nimelisoma kwenye hadithi za upelelezi, na jinsi wahusika walivyolitumia nilidhani maana yake ni kisingizio cha kijanja. Nikamwambia sipendi familia yetu itetewe kwa visingizio.

Akacheka. "Watu wengi wanadhani hivyo. Ni Kilatini, na maana yake ni nyepesi sana: mahali pengine. Basi. Mtu anaambiwa, ulikuwa hapa ukaiba. Anajibu, wakati huo nilikuwa mahali pengine. Mwili mmoja haukai pawili. Jibu hilo likiwa kweli, hakuna kesi."

"Lakini atathibitishaje? Alikuwa amejifungia peke yake."

"Hapo ndipo wengi wanapokosea, hata baadhi ya polisi. Wanadhani ukisema alibi umejitwisha mzigo wa kuithibitisha. Hapana. Anayeshtaki ndiye anayebeba mzigo, tangu mwanzo hadi mwisho. Yeye ndiye wa kuonyesha kwamba mshtakiwa alikuwa ghalani, wala si mahali pengine popote. Kinachotakiwa kwa mshtakiwa ni kulisema jambo hilo mapema na kutaja mahali penyewe, ili wapate nafasi ya kwenda kuchunguza. Akilinyamazia mpaka siku ya mwisho, ndipo linanuka uongo."

"Shemeji alilisema lini?"

"Siku ya kwanza, kituoni. 'Nilikuwa kwa mpiga picha, napiga ukuta.' Wakaliandika, na hakuna aliyetia mguu kwa mpiga picha."

"Basi tumeshinda!"

"Bado, Mwalimu. Sheria ni hiyo, lakini hakimu naye ana moyo wa kibinadamu. Upande mmoja ana mlinzi mwaminifu aliyemwona mtu mweupe wa chokaa. Upande wa pili ana mtu aliyejifunika kwa magunia. Anaweza kumwachia huku akisita, na mji ukasema ameponea chupuchupu. Mimi sitaki asite." Akautazama ukuta wa ofisi yake, ambao ulikuwa na nyufa. "Shemeji yako amenieleza kitu kuhusu lipu. Nahitaji fundi mwingine akiseme, si yeye. Yuko nani mjini?"

Alikuwepo mmoja tu wa kulingana naye, nasi tulikuwa hatusalimiani naye vizuri. Walimwita Kokoto kwa sababu ya sauti yake. Yeye na shemeji walikuwa wamenyang'anyana kazi kwa miaka mingi, na kila mmoja alikuwa na maneno juu ya mwenzake ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Nilimkuta juu ya jukwaa la mbao, kwenye jengo linaloendelea, vijana wake wakimpandishia ndoo.

"Mwalimu!" alinguruma kutoka juu. "Umekuja kunichapa? Shule mimi nilishamaliza."

"Shuka fundi, nina ombi."

"Sema hapo hapo. Nikishuka na lipu yangu inashuka."

Nikapaza sauti mbele ya vijana wote, jambo ambalo si kawaida yangu. "Nakuomba ukatazame ukuta, kisha useme mahakamani ulichokiona. Ukuta wa Kioo."

Alicheka mpaka akashika nguzo. "Sikilizeni jamani! Miaka yote wateja wananipigia kelele, 'Kioo angefanya hivi, Kioo angefanya vile.' Nimekuwa nikizikwepa kuta za yule bwana kama mtu anayekwepa mkwe. Leo niende kuzitazama kwa miguu yangu?"

"Akifungwa, kazi zote za mji ni zako."

"Nimeshalifikiria hilo, usinione mjinga." Akaanza kukwangua mwiko wake, akaukwangua hata baada ya kuwa safi. Kisha akashuka, polepole, akasimama mbele yangu. "Nikienda, nautafutia kosa. Nikilipata, nalisema. Sitamwonea mtu haya, si yeye, si wewe."

"Ndivyo ninavyotaka," nilimjibu.

Siku ya kesi chumba cha mahakama kilijaa. Baba mdogo alikaa safu ya mwisho, karibu na mlango, kwa tahadhari. Mama mkwe alikaa mbele na gauni lake la heshima. Shemeji aliletwa kutoka mahabusu, amekonda, amenyolewa vibaya, lakini amesimama wima kama timazi. Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kusomea, mtu wa kusikiliza zaidi kuliko kusema.

Mlinzi alitoa ushahidi, na lazima niseme alikuwa mtu mkweli. "Sura sikuiona, Mheshimiwa. Niliona mgongo. Mgongo ulikuwa mweupe." Mpiga picha akafuata, akaeleza matofali matupu ya asubuhi na ukuta uliokamilika jioni. Mwendesha mashtaka, kijana nadhifu anayejua kazi yake, akasimama.

"Adhuhuri ulikuwa wapi?"

"Harusini, napiga picha."

"Kwa hiyo kama mshtakiwa alitoka, akaenda ghalani, akarudi kuendelea na kazi yake, wewe usingejua."

Mpiga picha alimtazama shemeji kwa huruma. "Nisingejua."

Nikasikia mtu nyuma akiguna. Ndipo wakili wetu akamwita Kokoto.

Alikuja na shati lililopigwa pasi, mtu asiyezoea shati. Akaeleza kwa sauti yake ya mawe kwamba lipu haimngoji mtu. Ukiiacha katikati ya ukuta, ukingo wake unaanza kukauka. Ukirudi na kuendelea, lipu mpya inashikana na ukingo uliokwisha kukaza, na hapo panabaki kiungo, kama kovu.

"Umbali wa kutoka pale hadi ghalani, kwenda na kurudi," wakili alimwuliza, "unatosha kuacha kiungo?"

"Unatosha kuacha viwili. Na ukuta ule, kwa mtu mmoja, ni kazi ya kutwa. Adhuhuri alikuwa katikati yake, atake asitake."

Hakimu akainua kichwa. "Kiungo hicho kinaonekana kwa macho?"

"Kwa fundi mbovu, ndiyo, Mheshimiwa. Kwa fundi mzuri kikikauka kinajificha. Mpaka umwage maji. Lipu ya kwanza na ya pili hazinywi maji sawasawa, kwa hiyo ukuta ukianza kukauka kiungo kinabaki mstari mweusi."

"Nawe umeumwagia maji ukuta huu?"

"Hapana, Mheshimiwa. Nilitaka. Wakili amenikatalia. Amesema yamwagwe mbele yenu."

Chumba kizima kilimgeukia wakili, nami nikiwemo. Nilimvuta mkono aliporudi kukaa. "Kwa hiyo hujui kama kipo?"

"Sijui," alininong'oneza. "Nilimwuliza shemeji yako, 'Tumwage?' Akaniambia, 'Mwaga.'"

Hakimu alivua miwani. "Mahakama itahamia huko," alisema. "Sasa hivi."

Sitasahau msafara ule: hakimu na karani wake, askari na shemeji katikati yao, mwendesha mashtaka amekunja ncha za suruali kwa sababu ya tope, mama mkwe akikataa kushikwa mkono. Chumba cha mpiga picha kilitumeza sote. Ukuta ulikuwa pale, mweupe wa majivu, haujapakwa chochote, maana mpiga picha aliupenda hivyo hivyo. Kokoto akakunja mikono ya shati, akachukua ndoo, akaanza kuumwagia kuanzia juu, upande mmoja hadi mwingine, kwa mkono wa mtu anayemwagilia miche. Ukuta ukawa mweusi wote.

Kisha tukangoja.

Ukuta ukinywa maji hauna haraka. Weupe ulianza kurudi kwa madoa, kisha madoa yakaungana. Mwendesha mashtaka alisogea mpaka pua yake ikakaribia kuugusa. Kokoto alipita na taa mkononi, shavu karibu na lipu, akiumulika kwa ubavu, na kwa dhati kabisa nawaambia alikuwa akitafuta kosa. Katikati ya ukuta, juu kidogo ya kichwa cha mtu, mstari mweusi ukabaki. Ulishuka wima, mwembamba, wakati pande zake zote zimekwisha kukauka.

"Huo hapo," alisema mwendesha mashtaka, taratibu.

Mama mkwe aliushika mkono wangu kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Nilimtazama shemeji. Hakuwa akiutazama mstari. Alikuwa akitazama juu yake, amekunja uso.

Kokoto akapandisha taa. Akapitisha kidole kwenye mstari, akakipeleka juu, kikagota kwenye kitu. "Hiki si kiungo," alinguruma. "Ni njia ya maji. Yametuama kwenye msumari huu, sasa yanatiririka. Msumari! Nani amepigilia msumari kwenye ukuta kama huu?"

Mpiga picha alinyoosha mkono kama mwanafunzi wangu. "Ni wa kutundikia taa."

"Ungeniambia," alisema shemeji, na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza siku ile, "ningekuwekea kulabu lipu ikiwa mbichi."

Kokoto alifuta maji kwa shati lake lililopigwa pasi. Mstari ukatoweka. Tukabaki na ukuta mmoja, weupe mmoja, kutoka kona hadi kona. Alirudi nyuma hatua chache, akautazama kwa muda mrefu, na nikaona uso wake ukishindana na nafsi yake.

"Mheshimiwa," alisema mwishowe, "nimetafuta kosa kwa moyo wangu wote. Halipo. Ukuta huu umepigwa kwa pumzi moja. Aliyeupiga hakwenda ghalani, hakwenda sokoni, hakwenda kokote. Hata chooni nina mashaka."

"Hilo la mwisho lisiandikwe," alisema hakimu, lakini mdomo wake ulikuwa umepinda kwa kicheko.

Hukumu ilisomwa tuliporudi, na niliisikiliza kama mtu anayesikiliza matokeo ya mtihani wa mwanawe. Hakimu alisema mshtakiwa alitaja mahali alipokuwa tangu siku ya kwanza, na kwamba wajibu wa kuivunja alibi hiyo ulikuwa wa upande wa mashtaka, ambao haukwenda hata kuchungulia. Kwa hilo pekee angemwachia. "Lakini mahakama hii," aliendelea, "haitaki mtu yeyote aondoke hapa akidhani mshtakiwa ameachiwa kwa sababu ya shaka. Mshtakiwa hakulazimika kuthibitisha kitu, na bado kimethibitika. Alikuwa mahali pengine. Nimepaona mahali penyewe." Ninayanukuu neno kwa neno, maana niliomba nakala, na ninayo.

Mwendesha mashtaka alikuja mwenyewe kumwamkia mama mkwe na kumpa mkono shemeji. Hilo nalo liandikwe kwa heshima yake. Baba mdogo aliacha safu ya mwisho, akatufikia kabla hatujafika mlangoni. "Nilijua tu!" alisema. "Si niliwaambia?" Mama mkwe akamjibu, "Uliniambia umepata mgeni. Ameshaondoka?"

Mwizi alikamatwa baadaye mji mwingine akiuza yale majora. Alikuwa mtu wa mashine ya kusaga. Weupe wa mgongoni mwake ulikuwa unga, na siku walipomkamata bado alikuwa nao.

Jioni ile ya hukumu mpiga picha hakukubali twende nyumbani moja kwa moja. Aling'oa msumari, akatusimamisha mbele ya ukuta. Mama mkwe alipewa kiti katikati. Shemeji alisimama nyuma yake. Baba mdogo alijitafutia nafasi, akaipata. Kokoto alikuwa anajiondokea kimyakimya, shati limelowa, shemeji akamwita.

"Wee Kokoto! Unakwenda wapi?"

"Picha ya familia hiyo. Mimi nahusu nini?"

"Njoo usimame. Ukikaa mbali utaanza kuutafutia kosa tena."

Akaja, akinung'unika, akasimama kando yake. Picha hiyo imo sebuleni kwangu hadi leo, na ukiitazama nyuma ya vichwa vyetu hakuna mstari wowote.

Shemeji aliendelea kupiga lipu mpaka mabega yalipomkatalia, na kazi zilimfuata zikipanga foleni. Msaidizi hakumchukua. Mlango aliendelea kuukomea, na magunia yake aliyaloweka kama kawaida. Alibadili kitu kimoja tu: akiwa ndani alianza kuimba. Mungu hakumpa sauti, nasema hivyo kwa mapenzi, lakini aliimba kwa nguvu kutoka asubuhi mpaka ukuta uishe, mtaa mzima ukamsikia. Kokoto akipita na baiskeli yake alikuwa akipiga kengele na kunguruma kutoka barabarani:

"Tumekusikia, bwana! Upo!"

Na kutoka nyuma ya magunia, bila kuacha mwiko, Kioo alimjibu: "Nipo!"